Kondoo Waliochafua Maji

Somo: Ezekieli 34:17-27, Mwanzo 2:15, Warumi 8:19-22

(Mazungumzo ya ibada redioni)

Nawasalimu ninyi mlio Malindi na Watamu, Gede na Ganze, Magarini, Kaloleni na Rabai. Nawasalimu pia ninyi mnaosikiliza mbali na pwani yetu, maana leo nitasema juu ya mto unaotoka kwenu na kuja kwetu.

Neno letu la leo linatoka katika kitabu cha nabii Ezekieli, sura ya 34. Wengi wetu tumeizoea sura hii kama onyo kwa wachungaji wabaya, wale wanaojilisha wenyewe na kuliacha kundi. Ni onyo la kweli, na wachungaji tulisikie. Lakini ukifika mstari wa 17 utaona kwamba Bwana anawageukia kondoo wenyewe. Ana neno na kondoo wanono. Anawauliza kama waona ni jambo dogo kula malisho mazuri, kisha kuyakanyaga yaliyobaki; kunywa maji safi, kisha kuyachafua kwa miguu yaliyosalia. Kondoo waliokonda wanakuja nyuma yao. Hao wanakula majani yaliyokanyagwa, na kunywa matope.

Angalia vizuri, ndugu msikilizaji. Bwana hawalaumu kondoo kwa kula, wala kwa kunywa. Malisho ni yake, na amewapa wayale. Maji ni yake, na amewapa wayanywe. Kosa lao ni kwamba walipokwisha kushiba walimsahau aliye nyuma yao. Hilo ndilo neno nitakalo tulifikirie leo: jinsi tunavyoitumia nchi ni jambo la upendo kwa jirani. Yeye anayeharibu mto, msitu au bahari humtendea mtu, ingawa pengine hatamwona mtu huyo hata siku moja.

MTO NA JIWE LA BAHARINI

Sasa tuje kwetu. Kaskazini ya mji wa Malindi, karibu na Mambrui, mto Sabaki unaingia baharini. Mto huu una majina mengi. Unaanzia bara, katika nchi ya juu karibu na Nairobi, na huko unaitwa Athi. Unapita Ukambani. Ukikutana na mto Tsavo unaitwa Galana, na ukifika kwetu tunauita Sabaki. Wakati wa mvua kubwa, kila mtu wa Malindi anajua inavyokuwa bahari. Maji ya buluu hugeuka rangi ya kahawia, na mchanga na tope hujaa ufukoni.

Tope hilo ni nini? Ni shamba la mtu. Ni udongo wa juu, ule wenye rutuba, uliokuwa ukiotesha mahindi na maharagwe mahali fulani huko juu. Mti ulipokatwa, na majani yakaliwa yote na mifugo, mvua ilikuta udongo uko uchi ikauchukua. Basi mkulima wa bara amepoteza chakula chake, na mvuvi wa Malindi ameletewa kitu kinachofunika matumbawe ambayo samaki huzaliana na kulishwa ndani yake. Hasara moja imewapiga watu wawili wasiojuana.

Labda mtu atasema, "Mto umekuwa hivyo tangu zamani." Hapa yuko shahidi wa ajabu. Matumbawe ni viumbe hai, na baadhi yao hujenga jiwe polepole, tabaka kwa tabaka, mwaka baada ya mwaka, kama vile shina la mti linavyoongeza duara. Udongo unaoletwa na mto huacha alama yake ndani ya kila tabaka. Wataalamu walitoboa tumbawe moja katika mwamba wa Malindi, lililokuwa na umri wa miaka 300 hivi, wakazipima alama zake. Taarifa yao ilitolewa mwaka 2007. Waliona kwamba tangu mwaka 1700 hadi 1900 udongo ulioletwa na Sabaki ulikuwa karibu sawasawa. Mwanzoni mwa karne ya 20 ulianza kupanda. Ukafika kilele kati ya mwaka 1974 na 1980, na wakati huo ulikuwa mara 5 hadi mara 10 ya ule wa zamani.

Bwana Yesu alipoingia Yerusalemu aliwaambia Mafarisayo kwamba watu wakinyamaza, mawe yatapiga kelele. Hapa kwetu jiwe la baharini limeweka hesabu ya mambo yaliyotendwa barani, siku nyingi na mahali pengi, na wala hakuna aliyejua kwamba linaandika.

Lakini tusiwe wepesi wa kumlaumu mkulima wa Ukambani. Udongo ulianza kuongezeka katika siku za ukoloni, wakati watu walipobanwa katika sehemu ndogo, na nchi nzuri kupewa wageni. Baadaye watu wakawa wengi, na ukame mkali ukaja mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mtu aliyesukumwa mpaka kwenye mteremko hana budi kulima mteremko. Ezekieli aliliona jambo hili pia. Mstari wa 21 unasema juu ya kondoo wanono wanaowasukuma walio dhaifu kwa ubavu na kwa bega, na kuwapiga pembe mpaka wametawanyika. Basi kila tunapoona nchi iliyoharibika, yatupasa kuuliza maswali mawili. Nani ameshika shoka? Na nani amemsukuma mpaka akalishika?

MSITU NA KARO YA SHULE

Ukiufuata mto Sabaki kutoka baharini kwenda bara utafika Jilore, mahali ambapo Habari Njema ilihubiriwa na wamisheni wa C.M.S. tangu miaka ya 1890. Jilore iko karibu na mto upande mmoja, na upande wa pili unaanza msitu wa Arabuko-Sokoke. Msitu huo unashuka kusini, ukipita nyuma ya Gede na Watamu, kuelekea Kilifi. Eneo lake ni kilomita za mraba 420 hivi. Ndio msitu mkubwa kuliko yote iliyobaki ya namna yake katika pwani ya Afrika Mashariki. Humo mna mibambakofi, mna mirihi katika mchanga mweupe, na mna bundi mdogo sana katika ardhi nyekundu, ambaye wataalamu hawakumtambua mpaka mwaka 1965. Mna sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu. Yuko pia ndege mmoja wa jamii ya mnana, wale wanaosuka viota. Ndege huyo hapatikani mahali pengine po pote duniani ila katika kaunti yetu ya Kilifi.

Kwa miaka mingi hapakuwa na mtaalamu aliyejua mnana huyo anazaa wapi. Mwaka 2013 viota vyake vikaonekana, katika kinamasi cha msimu huko Dakatcha, ng'ambo ya Sabaki. Bwana Yesu alisema kwamba hata shomoro mmoja haanguki chini pasipo Baba kujua. Baba alivijua viota vya Dakatcha wakati wote. Sisi ndio tuliochelewa. Na katika Kumbukumbu la Torati 22:6-7 Mungu aliwapa Israeli amri juu ya kiota cha ndege: ukimkuta mama na makinda, usimtwae mama pamoja na wanawe. Mungu anayetoa amri juu ya kiota hawezi kuwa Mungu asiyejali msitu.

Hata hivyo, ndugu zangu, msitu huu ulikaribia kupotea. Miaka ya mwanzo ya 1990 watu wengi waliokaa kando yake walitaka ukatwe, wapewe mashamba. Tusiwahukumu. Wao walikuwa wakikaa na msitu ambao haukuwapa kitu kwa halali. Ndovu na nyani walitoka humo wakala mahindi yao, na mtu aliyeingia kutafuta nguzo alikamatwa. Walisikia kwamba msitu ni mali ya dunia nzima, lakini gharama yake walilipa wao.

Hebu tumfikirie mama mmoja katika kijiji cho chote kando ya msitu ule. Mvua imekosekana. Mahindi yamekauka yakiwa mafupi. Mtoto wake amefaulu mtihani, na barua ya kumwita shule ya sekondari imefika. Karo hana. Lakini msituni uko mti wa muhuhu, na wachongaji wanautaka. Iko miti ya makaa, na gunia la makaa lina mnunuzi barabarani siku ile ile. Tukienda kwa mama huyu na Biblia mkononi, tukamwambia tu kwamba kukata mti ni dhambi, tumefanya nini? Yakobo ameandika juu ya mtu anayemwambia ndugu aliye uchi na mwenye njaa aende kwa amani, akaote moto na kushiba, bila kumpa kitu. Mtume anauliza yafaa nini. Nasi tuulize vivyo hivyo: yafaa nini kumhubiria mama huyu juu ya uumbaji, kisha tukamwacha na barua ile ya shule?

Hapa namshukuru Mungu kwa kazi mbili zilizofanyika katika nchi yetu.

Ya kwanza ilianza mwaka 1993 huko Gede, nayo inaitwa Kipepeo. Wakulima wanaokaa kando ya msitu hufundishwa kufuga vipepeo wa msituni. Hulisha viwavi kwa majani ya miti yao, na kiwavi kikishajifunga ndani ya ganda lake, kabla ya kipepeo kutoka, huuzwa na kupelekwa katika maonyesho ya vipepeo ng'ambo, Ulaya na Marekani. Kipepeo hapatikani bila majani, wala majani bila msitu. Basi mkulima akaanza kuona kwamba mti uliosimama nao unaweza kumletea shilingi.

Ya pili ni kazi ya Wakristo. Lipo shirika la Kikristo la kutunza uumbaji liitwalo A Rocha. Jina hilo ni la Kireno, maana yake ni mwamba. Lilianza nchini Ureno mwaka 1983, na hapa Kenya makao yake yako Watamu. Mwaka 2001 shirika hili lilianza mpango wa kuwasaidia watoto wa sekondari wanaotoka katika nyumba zilizo kando ya Arabuko-Sokoke na kando ya Mida, ile hori ya mikoko. Wageni wanaokuja kutazama ndege hulipa kiingilio kupita katika daraja la mbao lililoning'inizwa kati ya mikoko ya Mida. Fedha hiyo, pamoja na sadaka za watu wengine, hulipa sehemu ya karo. Wazazi kwa upande wao huahidi kuulinda msitu, hupanda miti nyumbani, na watoto hufundishwa juu ya viumbe vilivyo jirani yao. Mamia ya watoto wamesoma kwa njia hiyo.

Mpango huu haukumaliza umaskini wa Kilifi, wala haukuzuia kila shoka. Wakataji bado wapo, na makaa bado yanatoka Dakatcha. Lakini unatufundisha jambo la Injili. Waliotaka msitu ubaki hawakumwachia maskini mzigo wote. Waliweka bega lao chini ya mzigo ule. Badala ya bega linalosukuma, lile alilolisema Ezekieli, hapa ni bega linalobeba.

JE, DUNIA HII SI YA KUPITA?

Nawasikia baadhi yenu mkisema, "Mtumishi, hayo ni mambo ya serikali na ya mashirika. Sisi kazi yetu ni kuokoa roho. Dunia hii itateketea. Petro amesema hivyo. Kwa nini tuipambe nyumba itakayoungua?"

Ni swali la haki, na lastahili jibu. Kwanza, mwili wako nao utakufa, na bado waulisha, waufunika, na ukiugua wakimbilia hospitali. Hausemi, "Ni wa kupita, na uoze." Wajua kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, na kwamba Mungu atakuuliza juu yake. Mtu aliyeazimwa nyumba hana ruhusa ya kuvunja madirisha kwa sababu siku ya kuirudisha inakaribia. Kukaribia kwa siku hiyo ndiko kunakomfanya afagie. Zaburi ya 24 inaanza kwa kusema nchi ni mali ya Bwana, pamoja na vyote viijazavyo. Sisi ni waazimwaji.

Pili, kazi ya kutunza haikuja baada ya dhambi. Ilitangulia. Katika Mwanzo 2:15 Mungu alimweka mtu bustanini akampa kazi mbili: kuilima na kuitunza. Ziko pamoja, kama jembe na mpini. Anayetunza bila kulima atakufa njaa. Anayelima bila kutunza atawaua wanawe kwa njaa. Wako wanaoshika sura ya 1 peke yake, pale mtu anapopewa kutawala viumbe, wakaishia hapo. Lakini twajua Mfalme wetu alivyotawala: alifunga kitambaa kiunoni, akaosha miguu.

Tatu, Paulo anasema katika Warumi 8 kwamba viumbe vyote vinaugua pamoja, na kwamba vinangoja kwa shauku wana wa Mungu wadhihirishwe. Na katika Wakolosai 1:20 anasema kwamba kwa damu ya msalaba Mungu amependa kuvipatanisha vitu vyote na nafsi yake, vya nchi na vya mbinguni. Ikiwa damu ya Yesu imefika mpaka huko, itakuwaje moyo wangu uishie kwenye ukuta wa kanisa?

Liko jambo jingine, nalo nitalisema kwa upole, maana linatuhusu sisi watu wa Kilifi. Tangu Krapf na Rebmann walipoanza kazi Rabai mwaka 1846, Injili imehubiriwa katika nchi ya kaya. Wazee wa Mijikenda waliilinda misitu ya kaya kwa miiko, na misitu hiyo iliheshimiwa hata ikaandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2008, Kaya Fungo na Kaya Kauma zikiwamo. Sisi tulipompokea Kristo tuliacha kutambika, na ni sawa. Lakini wako waliodhani kwamba kuiacha hofu ya kaya ni ruhusa ya kushika shoka. La hasha! Kama mzee asiyemjua Muumba kwa jina la Yesu Kristo aliuacha mti usimame kwa sababu ya heshima, je, mimi nimjuaye Muumba niukate kwa sababu nimeokoka? Upendo ukifukuza hofu, haufukuzi heshima.

MSITU HAUNA JEMBE

Basi tufanye nini? Nataka kutaja mambo ambayo mtu wa kawaida na kanisa la kawaida wanaweza kuyafanya.

La kwanza ni shambani. Miaka ya 1980 huko Zimbabwe alikuwako mkulima aitwaye Brian Oldreive. Alipookoka aliacha kulima tumbaku, akaanza mahindi, na mambo yakawa magumu. Alipoutazama msitu aliona kwamba huko hakuna jembe linalopindua udongo, na tena ardhi yote imefunikwa kwa majani makavu. Bado msitu wastawi. Akaanza kulima hivyo hivyo: hatifui shamba zima, huchimba mashimo ya kupandia tu, hutia mbolea kidogo shimoni, na kuufunika udongo kwa majani na mabua. Kilimo hicho kimeenea katika nchi nyingi za Afrika, na kinafundishwa pia hapa kwetu upande wa Gede. Maana yake ni rahisi. Matandazo huzuia jua lisikaushe udongo, na huzuia mvua isiuchukue. Kwa hiyo, ndugu, usichome mabua baada ya mavuno. Katika ukame ule ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020, mvua zilipokosekana msimu baada ya msimu, tuliona thamani ya kila tone linalobaki ardhini. Na udongo ukibaki shambani kwako, hauendi kumfunikia mvuvi matumbawe yake.

La pili ni miti. Tarehe 13 Novemba mwaka 2023 serikali ilitoa siku nzima ya mapumziko ili Wakenya wapande miti. Ni jambo jema. Lakini kila mkulima wa Kilifi anajua kwamba kupanda ni kazi ya siku moja, na kuufikisha mti mpaka mvua ya pili ni kazi ya miezi mingi. Kanisa lenye kiwanja na tangi la maji lina nafasi nzuri. Gaweni miche kwa jumuiya zenu: huyu mwembe, huyu mkwaju, huyu mwarobaini. Kila mmoja aulizwe habari za mti wake kama anavyoulizwa mstari wa kukariri. Penye shamba la nafasi, pandeni mivinje. Miaka michache tu nguzo zake huuzika, na kila nguzo ya mvinje inayojenga nyumba inaupa nafuu mkoko wa Mida.

La tatu ni jikoni. Jiko la makaa lenye udongo wa kuchomwa ndani hutumia makaa machache kuliko lile la bati tupu. Makaa machache ni miti michache, na ni shilingi zinazobaki mkobani mwa mama.

La nne ni swali la mnunuzi. Wengi wetu hatujapata kushika shoka, lakini twanunua. Kitanda cha mbao ngumu, gunia la makaa kando ya barabara, kinyago cha muhuhu cha kumpa mgeni: vyote hivyo vina mahali vilipotoka. Mwulize muuzaji. Kondoo wanono wa siku hizi wengine hukaa mjini, katika Malindi, Mombasa na Nairobi, na hawaoni maji wanayoyachafua.

La tano ni la kanisa zima. Kama usharika wenu una nyumba zilizo kando ya msitu au kando ya mikoko, zihesabuni. Mna watoto wangapi huko waliokwama kwa sababu ya karo? Tumezoea harambee za kujenga kanisa. Fanyeni na harambee moja kwa mwaka ya mtoto wa pembeni mwa msitu. Huenda mabati yakachelewa kidogo. Sidhani kwamba Bwana atawauliza juu ya mabati kwanza.

MCHUNGAJI MMOJA

Ndugu msikilizaji, nisiishie katika orodha ya kazi. Orodha haiokoi mtu. Tungekuwa na nguvu ya kujigeuza wenyewe, nabii asingehitajika.

Ukiendelea na Ezekieli 34 utakuta habari njema. Mungu hawaachi kondoo wanono na waliokonda wagombane kisimani mpaka maji yaishe. Asema ataliokoa kundi lake, na ataweka mchungaji mmoja juu yao. Sisi twamjua Mchungaji huyo. Ni Yesu Kristo, mwana wa Daudi, aliyeutoa uhai wake kwa ajili ya kondoo. Tazama sasa kinachofuata pale Mchungaji anapofika. Kuanzia mstari wa 25 hadi wa 27 Mungu anaahidi agano la amani. Watu watakaa salama hata nyikani, na kulala hata msituni. Mvua itanyesha kwa wakati wake. Mti wa shambani utazaa matunda yake. Mvua, miti, msitu na amani, vyote vimo katika ahadi moja pamoja na Mchungaji.

Kwa hiyo aliye ndani ya Kristo hatunzi nchi kwa kuogopa tu kwamba itaisha. Anaitunza kama mtu aliyekwisha kusikia nyayo za mwenye nyumba. Leo ukienda kuteka maji, au ukipita kando ya mikoko, au ukisimama kituoni mbele ya gunia la makaa, kumbuka kwamba nyuma yako yuko mtu anayekuja kunywa. Pengine ni mvuvi wa Malindi. Pengine ni mtoto ambaye bado hajazaliwa. Yeye naye ni kondoo wa Bwana, na Bwana amesema atahukumu kati ya kondoo na kondoo.

Tuombe.

Ee Bwana Mungu, Muumba wa mbingu na nchi, twakushukuru kwa mto na kwa bahari, kwa msitu na kwa mvua. Tumekula, tukakanyaga. Tumekunywa, tukachafua. Utusamehe kwa ajili ya Yesu Kristo. Uwakumbuke walio kando ya msitu, wenye njaa na wasio na karo, na utufanye kuwa bega la kuwabebea mzigo. Uwape hekima watawala wetu wanaogawa ardhi na maji. Utuletee mvua kwa wakati wake, na utupe moyo wa kuitunza inaponyesha. Kwa jina la Yesu Kristo, Mchungaji wetu mwema. Amina.

Maswali ya kuzungumza katika jumuiya:

1. Katika Ezekieli 34:17-21, kondoo wanono wamekosa nini? Je, sisi katika usharika wetu ni kondoo gani?

2. Maji ya kijiji chetu yanatoka wapi, na yakitoka kwetu yanakwenda kwa nani?

3. Mwanzo 2:15 inataja kulima na kutunza. Ni ipi kati ya hizo mbili tumeisahau katika mashamba yetu?

4. Ni nyumba zipi katika usharika wetu zinazokata miti kwa kukosa njia nyingine, na mwaka huu tunaweza kufanya nini pamoja nao?